Laini Iliyokopa kwa Jina la Mulki

Kijiko kilianza kulia juu ya sahani ya bati kabla ya adhana ya alfajiri. Kikalia kidogo, kikanyamaza, kikalia tena.

Mulki alifumbua jicho moja. Simu aliyoilaza kwenye sahani, ili imwamshe hata akizama usingizini, ilikuwa inatetemeka na kukisukuma kijiko kama inayocheza nacho. Akainama aone ni nani anayepiga giza likiwa bado madukani na majumbani.

Ilikuwa nambari ile ile. Ile inayoishia mia tatu na sita.

Ndiyo, wasomaji wangu, ile iliyokopa pesa za simu kwa kitambulisho chake, ikakaa mwaka mzima bila kulipa, na kumtia Mulki kwenye orodha ya CRB pamoja na wasiolipa madeni. Ile aliyoipigia mara nne jana jioni, na mara ya nne sauti ya mwanamke, iliyokatwakatwa na upepo, ikasema, "Antony, leo umechelewa," ikacheka, na laini ikakatika.

Mulki alikuwa amelala na maswali mawili. Antony ni nani? Na ni mwanamke gani huyo anayecheka na wanaume kwa pesa alizokopa kwa jina la mwingine?

Alikaa kitako kitandani. Maneno alikuwa ameyapanga usiku, makali, moja nyuma ya lingine. Akabonyeza.

"Wewe mwi..."

"Nagaya," ilisema ile sauti polepole, ikimtakia amani. "Nagaya, mwenye simu. Ulinipigia jana nikadhani ni Antony. Umeamka salama? Watu wako wameamka? Mifugo imeamka? Kwenu mvua imegusa?"

Mulki aligeuza lile neno likawa kikohozi. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa imemwimbia mtoto wake wa kwanza siku saba mfululizo ili yeye apate kulala. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

Jina lake ni Tiya. Mimi na wewe tunaweza kulitaja. Mulki hawezi. Kwa watu wake, mke hatamki jina la mama mkwe, hata akiwa peke yake jikoni na mlango umefungwa. Hata kwenye simu yake amemwandika "Mama Kulamawe", na amemwandika kwa nambari nyingine kabisa, maana simu ya mama ina laini mbili: moja ya kuongea na moja ya pesa.

Moja ya pesa. Hapo ndipo Mulki alipokumbuka.

Miaka minne nyuma, akiwa bibi harusi wa miezi mitatu, mumewe Dima alimtuma mjini amnunulie mama laini. Kitambulisho cha mama alikuwa nacho, kimefungwa kwenye kona ya leso. Kijana wa dukani alikuwa na kalamu mkononi na watu wengi mlangoni. "Taja jina la mwenye laini," akasema. Nyuma ya Mulki walikuwa wamesimama baba zake wawili wadogo wa upande wa mume. Akafungua mdomo, jina likakataa. Kumpa tu yule kijana kadi aisome mwenyewe hakukumjia kichwani. Bibi harusi hana akili ya ziada mbele ya wakwe.

"Ni yangu," akasema, na akatoa kitambulisho chake.

"Uko hapo, mwenye simu?" Tiya aliuliza.

"Niko, mama. Ni mimi."

"Kumbe ni wewe. Una kikohozi kibaya. Kunywa kitu cha moto." Na simu ikakatika, kwa sababu Tiya akishasema la maana huwa hangoji lingine.

* * *

Ilikuwa Alhamisi, na Mulki alikuwa na mpaka Ijumaa saa sita mchana.

Anauza maziwa ya ngamia pale Wabera. Maziwa hayo huja kwa gari kila asubuhi kutoka Kulamawe, kijijini kwa mama mkwe, na jua likikaza, yasiyouzwa kufikia alasiri humwagwa. Wiki iliyopita alimwaga lita ishirini na mbili. Bwana Chege, mwenye duka la vyombo vya stima, ana friza iliyotumika, nzima, ya elfu arobaini na tano, na amemshikia kwa siku kumi ingawa hoteli moja inaitaka. "Ijumaa saa sita, Mama Halima," alikuwa amemwambia. "Ikipita hapo, na mimi nina watoto."

Mkopo ungetoka kwa Sacco. Lakini Beverlyne, afisa wa mikopo, alikuwa amegeuza kompyuta na kumwonyesha jina lake na nambari iliyokopa. Zilikopwa elfu tatu. Pamoja na adhabu zimefika elfu tano mia mbili hamsini. "Niletee barua kwamba deni limelipwa," Beverlyne alisema, na akamsogezea karatasi ya kujifutia machozi kabla hayajaanza kutoka. "Bila hiyo mkono wangu umefungwa."

Sasa mdaiwa amejulikana, na ndiye mtu pekee duniani ambaye Mulki hawezi kumdai. Mama mkwe haulizwi habari za deni kwenye simu. Anafuatwa nyumbani, anaamkiwa, chai inanywewa, na mambo yanazungukiwa kwa mbali mpaka yajilete yenyewe.

Alifunga shilingi elfu tatu mia sita kwenye leso, zote alizokuwa nazo, akaenda kungoja gari la maziwa linaporudi na mitungi mitupu. Lokorio, dereva, alimtazama usoni mara moja tu, akamhamisha mtu wa kiti cha mbele, na hakumuuliza nauli mpaka walipofika. Hata walipofika hakuuliza.

* * *

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam. Kikohozi kiko wapi?"

"Kimepona njiani."

"Nilikuambia kitu cha moto. Keti."

Mulki aliketi. Pale mlangoni alisimama mbuzi mwekundu mwenye sikio moja lililopasuka, akitafuna kipande cha gunia. Mulki alimwangalia, akaona kama anamfahamu, akaacha.

Chai ya kwanza ilinywewa kwa habari za mvua. Ya pili, habari za Dima, ambaye yuko na ngamia upande wa Korbesa, mahali simu haishiki. Ya tatu, habari za jirani aliyenunua pikipiki na hajui kuiendesha. Jua lilikuwa linapanda. Mulki akaona asipojisukuma atafika ya saba.

"Mama, na ile simu yako iko salama?"

"Iko salama sana," Tiya alisema, akaitoa kifuani. "Hii ina marafiki. Kila nikiamka nakuta wameniandikia. Mimi sisomi, lakini nashukuru. Mtu kukukumbuka kila siku ni kazi."

Ujumbe ambao haujafunguliwa ulikuwa mia mbili na kumi na nne. Mulki akafungua wa juu. Ulianza hivi: Mpendwa mteja, hili ni onyo la mwisho.

"Wanasemaje?"

Mulki aliishia neno la kwanza. "Wanasema 'mpendwa'."

"Si nilijua."

Kabla Mulki hajapata neno la kufuata, simu ililia mkononi mwake. Tiya aliinyakua, akabonyeza kile kidude cha sauti kubwa, na uso wake ukang'aa kama wa msichana.

"Antony, leo umewahi."

"Shosho, bibi yangu, umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya kijana, ya upole, nyuma yake watu wengine wengi wakiongea na simu zao. "Goti linasemaje?"

"Goti limetulia. Mgongo wako je? Ulikanda kwa mafuta nilivyokuambia?"

"Nilikanda. Nimelala kama mtoto."

"Na mama yako aliacha kukununia?"

"Aliacha. Nilimpelekea sukari, nikakaa naye siku nzima, nilivyoambiwa na wewe." Antony akashusha pumzi, kisha akasema upesi kama anayesoma karatasi ya mtu mwingine: "Shosho, kampuni inakukumbusha kulipa deni lako la shilingi elfu tano mia mbili hamsini, asante."

"Liko," alisema Tiya. "Halijapotea."

"Sawa, shosho. Nimeshasema. Sasa niambie, yule jirani wa pikipiki..."

Mulki alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Hakujua kama ni kilio au kicheko kilichokuwa kinapanda. Mwaka mzima mtu wa kudai madeni amepigia simu nyumba hii, na mwaka mzima ameamkiwa, akaulizwa mgongo, akatumwa akapatane na mama yake.

Alijitoa aibu. "Antony, samahani. Naitwa Mulki Chachu. Kitambulisho kilichokopa ni changu."

Antony akaacha habari za pikipiki.

"Wewe ndiye Mulki? Sisi tumekutafuta. Nilidhani shosho ndiye Mulki. Kila siku namwita Mulki kwenye fomu."

Tiya aligeuka polepole. "Laini yangu ina jina lako?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Mulki aliangalia chini. "Siku ile dukani waliniambia nitaje lako."

Tiya aliweka kikombe chini. Alinyoosha mkono, akaurekebisha mtandio wa Mulki uliokuwa umeteleza begani, akauacha mkono wake hapo.

"Antony," Mulki aliendelea, "nina elfu tatu mia sita. Kesho saa sita nikikosa barua, nakosa friza, na msimu huu wa joto utamaliza biashara yangu. Naomba nilipe nilichonacho."

"Dada, adhabu siondoi mimi. Anaondoa mkubwa wangu, na yeye si mtu wa kuondoa." Sauti ikashuka. "Niko naye ofisi ya Meru wiki hii, tunazungukia wateja. Naweza kumwandikia. Lakini lazima niandike nani hasa alitumia laini, na alikopa kwa nini. Nipe jina lake."

Mulki alifungua mdomo. Mama mkwe ameketi hatua moja kutoka kwake.

"Ni mama wa Dima," alisema.

"Jina la kwenye kitambulisho."

"Ni bibi wa watoto wangu."

"Dada."

"Ni mwenye nyumba ya tatu ukitoka kisimani, mlango wa bluu."

"Dada Mulki, nafasi hapa ni ndogo, haiwezi kuingia nyumba na mlango."

Mulki alitoka jasho. Alijaribu kweli. Alifikia herufi ya kwanza na ulimi ukalala. Mbuzi mwekundu akaacha kutafuna, akamtazama, kana kwamba na yeye anangoja.

Ndipo Tiya akasogea kwenye simu.

"Andika, Antony. Tiya Sharamo. Andika vizuri, si kila siku nalitaja. Na uandike hivi: mwaka jana gari la maziwa lilipinduka, mitungi ya mke wa mwanangu yote ikapasuka. Alikaa siku nne bila kuuza na hakumwambia mtu. Ajenti akanisaidia kukopa elfu tatu, nikampelekea mkononi. Basi."

"Mama," Mulki alisema, "uliniambia umeuza mbuzi."

"Ningekuambia nimekopa ungezikubali?"

Wote wawili wakageuka mlangoni. Mbuzi mwekundu mwenye sikio lililopasuka, yule aliyeuzwa mwaka jana, alipiga chafya na kurudia gunia lake.

Mulki alianza kucheka. Alicheka akashika nguzo ya mlango, akateleza nayo mpaka chini. Tiya akaanza naye, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka goti lililotulia likaanza kuuma tena. Kwenye simu Antony akasema, "Mbona mnanicheka?" na hilo likawamaliza kabisa.

"Lakini mama," Mulki alisema alipopata pumzi, "kwa nini hukulipa?"

"Nilikuwa nilipe nikipata. Nikaona kila siku wananisalimia tu, nikajua ni watu wasio na haraka."

Antony alisema wasubiri. Walisubiri muda wa kikombe kimoja. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lipeni elfu tatu. Adhabu imesamehewa. Barua inakuja kwa simu ya Mulki."

"Mkubwa amekubali?" Mulki aliuliza.

"Dada, lipa kabla sijabadilisha nia."

Mulki alipeleka pesa kwa ajenti wa hapo, zikaingia kwenye laini ya mia tatu na sita. Tiya akageukia ukuta ili aingize nambari yake ya siri, akamwambia Mulki na mbuzi pia wageuke. Ujumbe ukalia. Mulki akausoma kwa sauti: deni sifuri. Tiya akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje.

* * *

Ijumaa, saa tano na nusu, Mulki alikuwa mbele ya meza ya Beverlyne.

Nje ya dirisha palikuwa na kituko. Bwana Chege amekuja na friza juu ya mkokoteni, ameiegesha kivulini mbele ya Sacco, na mtu wa ile hoteli amesimama upande wa pili wa friza akiangalia saa. Kila mmoja ameweka kiganja juu ya kifuniko.

Beverlyne aliisoma barua mara mbili. Akatabasamu, kisha tabasamu likapungua.

"Deni limekwisha, hilo nimeliona. Lakini nikudanganye nini, mama? Kulipa kunafuta deni, hakufuti kuchelewa. Alama zako za mkopo ziko chini, na zitapanda taratibu, kila utakapokopa kidogo na kulipa kabla ya siku yake. Nikiandika arobaini na tano watakataa. Nikiandika ishirini watakubali."

"Friza ni arobaini na tano."

"Najua."

Mulki aliangalia nje. Mtu wa hoteli alikuwa ameshatoa pochi.

Beverlyne aliinuka. Akafungua dirisha. "Bwana Chege, ishirini leo, zilizobaki kwa wiki. Unaweza?"

Chege alikuna kichwa. Aliangalia pochi ya yule mtu, akaangalia friza. "Elfu moja kila Ijumaa," alisema mwishowe. "Na iandikwe. Huyu mama miaka mitatu ananiletea maziwa ya chai, na siku mke wangu alipolazwa aliyaleta mpaka wodini. Wewe bwana, hebu toa mkono kwenye friza."

"Wiki ishirini na tano," Beverlyne alisema akiketi. "Ukizilipa zote kwa siku zake, mama, rudi hapa tuzungumze ya arobaini na tano. Usikope pengine kokote katikati. Hata kama simu inakuita mpendwa."

Mulki alicheka, na moyo ukamruka kama mwana mbuzi. Beverlyne akaivuta fomu, akaandika elfu ishirini, akaishusha kalamu pale pa kutia sahihi.

Simu ya Mulki ikalia. Mama Kulamawe. Vidole vyake, kwa furaha, vikagusa sauti kubwa.

"Nagaya, mwanangu. Umefika salama? Friza imefika salama?"

"Inakaribia, mama. Kalamu iko juu ya karatasi."

"Vizuri. Mimi nina wageni. Antony amekuja. Ni mrefu kuliko sauti yake."

Mulki alisimama. "Amekuja Kulamawe?"

"Ameletwa. Yuko na mkubwa wake, mwenye tai. Mkubwa anasema hajaandika barua yoyote, na hajasamehe mtu. Anasema Antony ameandika mwenyewe na kuweka jina la mkubwa. Antony amekaa hapa kwenye mkeka, hasemi kitu, nimempa maziwa."

Kalamu ya Beverlyne iliinuka kutoka kwenye karatasi. Haikushuka.

"Mama," Mulki alinong'ona, "mkubwa anataka nini?"

"Anataka kukuona wewe, mwenye kitambulisho. Alikuwa anaondoka kuja huko Sacco, nikamwambia hapa hakuna anayeondoka bila chai." Tiya akasogeza simu mdomoni, sauti ikawa ndogo. "Uje tena, mwanangu. Najua ulikuwa hapa jana, lakini uje tena leo, na uharakishe. Nimemtilia kikombe cha tatu, na chai ya buli imekwisha."